Viatu Pembeni mwa Kinanda: Tunamkumbuka Ofei Bekoe

Wasikilizaji wapendwa, aliye na mchi mkononi na aupumzishe kidogo kinuni. Fufu haina miguu, haitakwenda popote. Na wewe kijana unayepita hapo nje na pikipiki, zima mashine, njoo usimame dirishani. Leo tunamkumbuka mtu.

Tunamkumbuka Ofei Bekoe. Seremala wa Odaaso. Mkanyaga mivukuto wa kinanda cha kanisa. Mpiga filimbi ya mwanzi, atenteben yetu hii hii. Amefariki akiwa na miaka themanini na mitatu, na Jumamosi iliyopita tulimzika. Narudia kwa aliyechelewa kufungua redio: Ofei Bekoe, seremala, mkanyaga mivukuto, mpiga filimbi.

Wengi mnamjua kwa filimbi. Lakini kazi yake ya kwanza kanisani ilikuwa ya miguu.

Kinanda cha Odaaso ni kizee, mnakijua. Kilikuja vipande vipande, kikapandishwa mlimani vichwani mwa babu zetu, na mpaka leo hakijawahi kuonja umeme. Kinataka upepo. Upepo hutoka kwenye mivukuto miwili mikubwa ya ngozi iliyoko nyuma, na mtu husimama pale juu ya makanyagio mawili ya mbao. Anakanyaga hili, anakanyaga lile, kushoto, kulia, ibada nzima. Mbele anaonekana mpiga kinanda na kofia yake nzuri ya Jumapili. Aliye nyuma haonekani, ila viatu vyake. Maana Bekoe alivua viatu. Aliviacha pembeni mwa kinanda, vimepangwa, visigino vikitazama ukuta. Kanisa likiviona tu linajua kwamba leo upepo upo.

Alianza kazi hiyo mwaka sitini na tatu, kijana wa miaka ishirini na miwili. Mpiga kinanda alikuwa Mwalimu Rosina Awuku wa shule ya msingi, naye msichana tu wakati ule. Mwalimu Rosina yupo hai, ana miaka themanini na minne, na ulimi wake haujazeeka hata siku moja. Tulimfuata nyumbani kwake mtaa wa Salem, akatuambia hivi:

"Waliomtangulia Bekoe walikuwa wanakanyaga kama wanaua nyoka. Kinanda kinalia, mimi natoka jasho, Mchungaji ananitazama mimi! Alipokuja Bekoe, Jumapili ya kwanza nikasimamisha mikono nikauliza, nani yuko huko nyuma? Upepo ulikuwa umetulia. Nyie hamjui. Sisi tunaopiga kinanda tunamjua mtu kwa mguu wake."

Sasa, filimbi. Bekoe alifundishwa na mjomba wake, ndugu wa mama yake, aliyekuwa akipiga filimbi kwenye ua wa chifu. Kijana akaipenda mpaka ikawa ugonjwa. Alitaka kitu kimoja tu hapa duniani: filimbi yake iimbe pamoja na kinanda, kanisani, wakati watu wanakwenda kwenye Meza ya Bwana. Basi. Hakutaka cheo, hakutaka jina.

Akawaendea wazee wa kanisa. Wakakataa. Filimbi ya ua wa chifu ibaki kwenye ua wa chifu, wakasema, na ile ya kwenye mvinyo wa mawese ibaki kwenye mvinyo wa mawese. Akaenda mara ya pili. Wakakataa. Mara ya tatu Mzee Saka, aliyekuwa mkubwa wa baraza, alimcheka kabisa.

"Bekoe, sisi tumeajiri miguu yako," akasema. "Mdomo uache nyumbani."

Akaacha kuomba, lakini kukata mianzi hakuacha. Kila Alhamisi Mwalimu Rosina alipokuja kufanya mazoezi, Bekoe alikuja na kipande cha mwanzi, jiko la mkaa na msumari. Akikanyaga, anasikiliza. Akitoboa tundu kwa msumari wa moto, anasikiliza tena, anakwangua, anajaribu. Mpaka filimbi na kinanda vikapatana kama mtu na kivuli chake. Shikeni jambo hilo, wasikilizaji wapendwa: filimbi za Bekoe zilikatwa kwa sauti ya kinanda kile. Kile kimoja. Tutalirudia.

Mwaka sitini na tisa mama yake akafariki. Bibi Adwobea, aliyekuwa akivunja kokwa za mawese uani huku akiimba wimbo mmoja asubuhi mpaka jioni, majirani wakaukariri wasipende wasitake. Bekoe alitengeneza jeneza la mama yake kwa mikono yake mwenyewe. Siku ya ibada alikaa mbele pamoja na wafiwa, amejifunga nguo nyeusi begani. Nyuma ya kinanda aliwekwa mtu mwingine.

Ohoo! Wimbo wa Bibi Adwobea ukaanza, kinanda kikakohoa. Kikapiga kelele, kikanyong'onyea, kikakata roho katikati ya mstari. Watu wakatazamana. Bekoe akainuka. Mfiwa mkuu, ameacha jeneza la mama yake, anatembea mbele ya kanisa zima! Akavua viatu, akavipanga, akaingia nyuma. Upepo ukatulia. Mwalimu Rosina akaanza upya.

Na pale nyuma, wasikilizaji wapendwa, mikono ya Bekoe haina kazi. Mdomo wake hauna kazi. Filimbi imo kwenye mikunjo ya nguo ya msiba, maana alikusudia kwenda kumpigia mama yake kaburini. Ubeti wa pili ulipoingia, akaitoa.

Hakuna aliyemwona. Walichosikia ni kwamba kinanda kimeanza kuimba kama mtu. Sauti nyembamba ikapanda juu ya zile nyingine, ikabeba wimbo wa Bibi Adwobea, na akina mama waliokuwa wamejikaza wakaacha kujikaza. Mzee Saka mwenyewe alitoa kitambaa cha mkononi. Baada ya maziko akamfuata Mwalimu Rosina.

"Mwalimu, leo umefungua sauti gani ile? Miaka yote hii ulikuwa unatuficha?"

"Mzee," Mwalimu Rosina akajibu, uso mkavu, "ile huwa haifunguki kirahisi."

Basi ikawa hivyo. Kila Jumapili ya Meza ya Bwana, sauti ile inafunguka. Miezi kumi na minne! Mzee Saka akawa anaitangaza mpaka vijiji vya jirani. Kinanda chetu, anasema, kina sauti ambayo huko Accra hawana. Siku moja akaleta wageni, na ibada ilipokuwa ikiendelea akashindwa kujizuia, akainuka aende kuona bomba gani hasa linalotoa utamu ule. Akazunguka nyuma. Akamkuta Bekoe miguu mitupu, jasho linamtiririka, filimbi mdomoni.

"Bekoe! Ni nini hicho?"

Bekoe angejibuje? Ubeti haujaisha. Akamwonyesha kwa jicho: subiri. Mzee Saka, mkubwa wa baraza, akasubiri. Alisimama pale pale mpaka wimbo ukaisha.

Jumanne baraza likakaa. Wengine wakataka Bekoe asimamishwe kushiriki Meza ya Bwana kwa mwaka mzima. Yeye alikaa kwenye benchi alilolitengeneza mwenyewe, kichwa chini. Ndipo Mzee Saka akasimama. Mwalimu Rosina alikuwepo, naye anakumbuka neno kwa neno.

"Wenzangu, mwaka mzima na zaidi nimemshukuru Mungu kwa sauti ya mwanzi. Nimemshukuru hadharani, kwa sauti kubwa, mmenisikia. Leo nikapige magoti nimwambie nini? Kwamba nilikosea mlango? Bekoe, toka huko nyuma. Tafuta mtu wa kukanyaga, uje usimame mbele na filimbi yako."

"Asante, Mzee," Bekoe akasema. "Lakini huko nyuma sitoki. Mtu mwingine atakiua kinanda."

Baraza zima likacheka, na jambo likaisha. Filimbi na kinanda vikawa kitu kimoja Odaaso, na hakuna aliyewahi tena kuuliza ni halali au si halali.

Narudia kwa aliyejiunga nasi sasa hivi: tunamkumbuka Ofei Bekoe wa Odaaso, aliyekanyaga kinanda na kupiga filimbi nyuma yake kwa miaka hamsini na mitano.

Mwaka sabini na mmoja alizaliwa binti yake wa pekee. Akampa jina la mama yake, Adwobea, na kwa hiyo akamwita "Mama" tangu yuko mgongoni. Mtoto alikua akisimama juu ya kanyagio la kushoto, baba la kulia. Akiwa na miaka kumi alipiga filimbi kumshinda baba. Hayo tunayasema sisi. Bekoe mwenyewe alisema, "Kunishinda mimi ni kazi? Mimi nina vidole vya seremala. Huyu ana vidole vya kusuka nywele."

Sasa tufike pale panapouma.

Mwaka themanini na sita makanisa yalikuwa na sherehe kubwa mjini Koforidua. Odaaso ikaombwa ilete filimbi yake. Bekoe angeweza kupiga yeye. Akasema hapana, atapiga Mama. Akamkatia filimbi mpya, akamshonea gauni jeupe, akawaambia watu wote sokoni. Binti wa miaka kumi na mitano akasimama mbele ya umati, na nyuma yake kinanda kikubwa cha watu wa Koforidua.

Akapuliza. Wasikilizaji wapendwa, filimbi na kinanda vilipigana kama paka ndani ya gunia. Binti akapuliza kwa nguvu zaidi, ikawa mbaya zaidi. Watu wakaguna. Kisha mmoja akacheka, na kicheko ni kama moto wa nyasi. Adwobea akaishia katikati ya mstari, akashuka, akatoka nje mbio.

Njiani kurudi Bekoe alikuwa mkali. "Kinanda chao kina homa," akasema. Alisema hivyo wiki tatu, kwa kila mtu, mpaka wateja wake wakawa wanaogopa kuchukua milango yao. Mwisho Mwalimu Rosina akaazima shuleni kile kifilimbi cha chuma cha kupimia sauti. Alhamisi wakapima. Kinanda cha Koforidua hakikuwa na homa. Chao wenyewe ndicho kilichokuwa chini, chini ya vinanda vyote vya siku hizi, karibu nusu ya sauti. Kilijengwa zamani, kwa kipimo cha zamani. Na Bekoe, miaka yote ile, hakuwahi kujaribu filimbi yake na kinanda kingine. Kwa nini ajaribu? Kwake yeye kinanda kilikuwa kimoja duniani.

Mwalimu Rosina alituambia, na hapa hakutania: "Alikaa juu ya kanyagio. Akasema, 'Rosina, nimemwaibisha mtoto wangu mbele za watu.' Basi."

Akaenda nyumbani, akamwambia binti yake, "Mama, kosa lile ni langu. Filimbi niliikata chini. Wewe hukukosea hata sauti moja."

Adwobea alikuwa anapika. Hakugeuka. "Sawa, Baba. Lakini mimi si mtu wa mianzi tena."

Na kweli. Akasomea uuguzi, akahamia Tema, akaolewa, akazaa, akafanya kazi wodini zaidi ya miaka thelathini. Alikuja nyumbani kila Pasaka, akaleta sukari na samaki waliokaushwa, akamheshimu baba yake kama inavyotakiwa. Filimbi hakuigusa. Wala Bekoe hakumwomba. Akiulizwa na watu, "Nani atakurithi?" alijibu, "Seremala harithiwi, anazikwa na randa yake." Watu wakacheka. Yeye hakucheka.

Kanisa lilipopata kinanda cha umeme, kiongozi wa kwaya, kijana mwenye haraka zake, akataka kile kizee kiuzwe. Akasema Mzee Bekoe anakitetea kwa sababu filimbi zake haziendi na kipya. Bekoe hakubishana. Alikwenda nyumbani, mchana mmoja akakata filimbi, akarudi nayo, akaipiga pamoja na kinanda cha umeme, ikaoana kama maji na glasi. Kisha akaiweka mezani mbele ya kijana yule.

"Chukua, mwanangu. Filimbi naikata kwa saa tatu. Kile kinanda ukikiuza, nani atatukatia kingine?"

Usiache mbachao kwa msala upitao. Kizee kikabaki, kwa ajili ya Meza ya Bwana na kwa ajili ya misiba.

Mwaka huu akaugua. Hakuugua sana, wiki mbili tu. Adwobea akachukua likizo, akaja kumuuguza baba yake kwa mikono yake iliyouguza watu wa wengine miaka yote. Alitusimulia mwenyewe, akiwa amekaa kwenye kibao cha baba yake pale karakana.

"Nilimuuliza, Baba, siku yako tutafute nani wa kupiga filimbi? Akasema, 'Msijisumbue. Mtafuteni tu mtu wa kukanyaga, asiue kinanda cha watu.' Nikamwambia sawa. Nilidhani atasema kitu kingine. Hakusema."

Jumamosi iliyopita kanisa lilijaa mpaka uani. Nguo nyeusi, nguo nyekundu. Mwalimu Rosina alishikwa mkono mpaka kwenye kiti cha kinanda, akakataa mto, akaweka vidole. Vijana wawili wa kwaya walikuwa nyuma, wenye nguvu zao, wamekula vizuri. Wimbo ukaanza, ule ule wa Bibi Adwobea wa kuvunjia kokwa.

Kinanda kikakohoa. Kikapiga kelele. Kikanyong'onyea. Mwalimu Rosina akainua mikono, akasubiri. Akaanza tena. Kikakohoa tena. Akaweka mikono mapajani, akatulia. Na jeneza liko pale.

Adwobea akasimama. Mfiwa mkuu, amevaa nguo nyeusi, anatembea mbele ya kanisa zima. Wazee waliokuwepo mwaka sitini na tisa, na wamebaki wachache, walishikana mikono. Akavua viatu. Akavipanga pembeni mwa kinanda. Akawaambia wale vijana, "Tokeni, mnaua nyoka," akapanda.

Upepo ukatulia. Ubeti wa kwanza ukaimbwa, kinanda peke yake. Na sasa msikilizeni yeye mwenyewe:

"Nilikuwa nakanyaga tu. Sikuwa na nia nyingine, nawaapia. Nikainua macho. Kwenye msumari ukutani ilikuwa inaning'inia filimbi, imepakwa mafuta ya kokwa, mbichi, ya mwaka huu. Nikajua Baba aliiacha pale. Nikaishika tu, nimshike Baba kidogo. Vidole vyangu vikaenda kwenye matundu. Vikaenea. Vikaenea kabisa. Baba alikuwa na vidole vinene vya seremala, ile asingeweza kuipiga. Ile haikuwa ya Baba."

Tulimuuliza Mwalimu Rosina. Akatujibu kwamba kila harmatani, upepo mkavu unapopasua mianzi, Bekoe alishusha ile filimbi iliyopasuka, akakata nyingine kwa kipimo kile kile, akaitundika pale pale. Mara ya kwanza ilikuwa mwaka ule wa Koforidua. Miaka thelathini na minane. Filimbi thelathini na nane, za mtu aliyesema yeye si mtu wa mianzi tena. Mwalimu Rosina alijua. Bekoe alimkataza kusema. "Akiambiwa atapiga kwa kunihurumia," alisema. "Na filimbi ya kuhurumiana haina utamu."

Ubeti wa pili ulipoingia, Adwobea akapuliza.

Sitawadanganya. Haikuwa kama zamani. Mwanzo pumzi ilitetemeka, na katika mstari wa tatu alikosea sauti, ikasikika mpaka uani. Akanyamaza. Mwalimu Rosina hakuendelea akamwacha. Alishikilia sauti moja, akaishikilia, akamngoja, na kanisa lote likangoja naye. Hakucheka mtu. Adwobea akavuta pumzi, akarudi, na kuanzia hapo hakushuka tena mpaka mwisho. Watu wazima walilia, wasikilizaji wapendwa, na aliyekuwa akiwahesabu alilia pia.

Kwa Bi Adwobea, kwa wajukuu, kwa ukoo mzima wa Bekoe na kwa Mwalimu Rosina aliyepoteza mguu alioujua kuliko mingine yote: poleni, poleni sana. Odaaso inalia pamoja nanyi. Mungu amlaze mzee wetu mahali pema.

Nasi tuliobaki tujiulize. Ni nani tuliyemcheka siku moja, akaweka chini kitu alichopewa na Mungu, asikiokote tena? Huenda bado yupo karibu, anapika, hageuki. Mwendee. Usimhubirie. Mtundikie tu kitu chake kwenye msumari ukutani, ukiache hapo, na kila mwaka ukipake mafuta. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi.

Jambo la mwisho, kisha mrudie michi yenu. Jumapili, siku moja baada ya maziko, tulikwenda kwenye ibada ya shukrani, wote tumevaa nyeupe. Ilikuwa Jumapili ya Meza ya Bwana. Watu waliingia, wakatazama pembeni mwa kinanda kama walivyozoea, ingawa walijua hakuna kitu. Palikuwa na viatu. Viatu vyeupe vya muuguzi, vimepangwa, visigino vikitazama ukuta.